Barua Isiyo na Muhuri: Historia ya Barua Pepe Zinazozuiliwa Njiani

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Wazazi wapenzi, ndugu wasomaji, mada ya leo inaweza kuonekana ni ya mafundi wa kompyuta peke yao. Naomba mnivumilie, kwani mwaka jana jambo hili lilikaribia kuvunja udugu baina ya familia nne na madrasa moja ya hapa mjini kwetu.

Madrasa hiyo ilitangaza masomo ya likizo ya Desemba. Nafasi zilikuwa chache, na usajili ulikuwa kwa kujaza fomu kwenye tovuti. Mama mmoja akajaza, na skrini ikamwandikia: "Ahsante, fomu yako imepokelewa." Siku ya kwanza akamleta mwanawe, amevaa kanzu mpya na mkoba begani. Ustadh akaangalia orodha, jina halipo.

"Ustadh, mimi nimejaza kwa mkono wangu, na mtandao umenijibu kuwa mmepokea."

"Mama, wallahi hakuna kitu kilichotufikia."

Mtoto amesimama katikati anawasikiliza. Familia nyingine tatu zikaja na malalamiko yale yale, na kabla ya Adhuhuri maneno yalikuwa yamezagaa kuwa nafasi wamepewa watoto wa jamaa. Ustadh naye moyoni aliona wazazi wale walisahau kujisajili, sasa wanatafuta kisingizio. Kila upande ulimdhania mwenzake kuwa ni mwongo, na wote walikuwa wakisema kweli.

Na fomu ile, ndugu zangu, niliitengeneza mimi. Katika kutafuta kosa langu nilijikuta ninasoma historia ndefu, na nimeona vyema niwashirikishe.

PETE YA FEDHA

Tuanze mbali kidogo. Baada ya Sulhu ya Hudaybiya mwaka wa 6 Hijria, Mtume (s.a.w.) alitaka kuwaandikia wafalme wa mataifa mengine kuwalingania katika Uislamu. Imepokewa na Anas bin Malik (r.a.), nayo imo katika Sahih Bukhari, kwamba Mtume aliambiwa kuwa Warumi hawasomi barua isiyokuwa na muhuri. Basi akatengeneza pete ya fedha iliyochorwa maneno Muhammad Rasulullah, ikawa ndiyo muhuri wake. Na akakataza watu wengine wasichore maneno hayo hayo kwenye pete zao.

Tuzingatie hapa. Ujumbe ulikuwa wa haki, na mwandishi wake ni mbora wa viumbe. Hata hivyo hakusema, "Watausoma tu kwa sababu ni wa kweli." Alijua kuwa mpokeaji aliye mbali hamuoni mtumaji, na ana haki ya kutaka alama ya kumjulisha barua imetoka kwa nani. Pia alihakikisha alama ile haiigwi na mtu mwingine. Mambo haya mawili, alama na ulinzi wa alama, ndiyo yaliyokosekana kwenye barua pepe kwa miaka mingi.

BARUA PEPE ILIZALIWA BILA MUHURI

Mwaka 1971 mhandisi wa Marekani, Ray Tomlinson, alituma barua ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia mtandao wa ARPANET, akatumia alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta yake. Watumiaji wa mtandao ule walikuwa wachache, wengi wao watu wa vyuo vikuu na wa utafiti, na hakuna aliyefikiria habari ya wezi.

Mwezi Agosti 1982 Jon Postel aliandika kanuni za SMTP, ambazo ndizo zinazosafirisha barua pepe hadi leo. Katika kanuni zile mtumaji alijiandikia jina lolote alitakalo, kama mtu anavyoweza kuandika jina lolote nyuma ya bahasha. Seva iliyopokea haikuwa na njia ya kuuliza, "Je, kweli wewe ndiye?"

Fitna ya kwanza ilikuwa imeshatokea. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mfanyabiashara wa kampuni ya kompyuta ya Digital, alituma tangazo moja kwa karibu watu 400 wa ARPANET ambao hawakuliomba. Watu walikasirika, akaonywa. Mwaka 1994 mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walijaza tangazo la bahati nasibu ya kadi ya kijani ya Marekani katika maelfu ya vikundi vya majadiliano vya Usenet. Kuanzia hapo mlango ukawa wazi.

Wazungu waliziita barua hizi "spam". Ni jina la nyama ya kopo ya nguruwe iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1937, na lilipata maana hii kutokana na mchezo wa kuchekesha wa televisheni ya Uingereza wa mwaka 1970, ambamo jina hilo linarudiwarudiwa mpaka linazima mazungumzo yote. Nadhani sisi hatuna haja ya kushawishiwa kuikataa! Kwa Kiswahili tumezoea kuziita barua taka.

VICHUJIO VYA MWANZO

Watu wakaanza kujilinda. Mwaka 1997 Paul Vixie na wenzake walianzisha orodha ya kompyuta zilizojulikana kutuma barua taka, ili seva nyingine ziweze kuzikataa. Mwaka 1998 Steve Linford akaanzisha Spamhaus, ambayo orodha zake zinatumika hadi leo. Mwaka 2001 ikaja programu ya SpamAssassin, inayoipa kila barua alama za makosa. Barua ikifikisha kiwango fulani cha alama, inahesabiwa kuwa taka. Agosti 2002 Paul Graham akaandika makala mashuhuri kuhusu kuchuja barua kwa hesabu za Thomas Bayes, mwanahisabati wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1761. Kompyuta inajifunza maneno yanayopatikana zaidi katika taka na yale yanayopatikana zaidi katika barua njema, kisha inapima.

Januari 2004 Bill Gates alitabiri kuwa tatizo la barua taka litakuwa limekwisha katika miaka miwili. Halikwisha. Matapeli walijifunza kuandika kama watu wema, na barua za watu wema zikaanza kuzuiliwa kwa kufanana na za matapeli.

KWA NINI BARUA ZA TOVUTI HUSHUKIWA ZAIDI

Barua inayoandikwa na tovuti yenyewe, kama ile ya kuthibitisha usajili, ya kurudisha neno la siri lililosahauliwa, au ya fomu iliyojazwa, ina historia yake mbaya. Mwaka 1995 kijana wa Kimarekani, Matt Wright, alitoa bure programu ya FormMail iliyowezesha fomu ya tovuti kugeuka barua pepe. Ilienea duniani kote. Lakini ilikuwa na udhaifu, na matapeli waliitumia kutuma taka zao kupitia tovuti za watu wasio na habari. Mwaka huo huo Rasmus Lerdorf alitoa PHP, lugha ambayo baadaye ilimwezesha mtengenezaji wa tovuti kutuma barua kwa mstari mmoja tu. Wepesi huo ukatumiwa vibaya vile vile.

Jambo la pili ni ujirani. Tovuti ndogo, zikiwemo nyingi za misikiti na madrasa, hukaa kwenye seva ya kukodi pamoja na mamia ya tovuti nyingine, na zote hutoka nje kwa anwani moja ya mtandao. Jirani mmoja akituma taka, anwani ile inaingia kwenye orodha nyeusi, na tangazo lenu la darsa linazuiliwa pamoja naye. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

SANAD YARUDI

Wanafunzi wa elimu ya hadithi wataikumbuka habari ya Muhammad bin Sirin, tabii aliyefariki mwaka wa 110 Hijria, iliyopokewa katika utangulizi wa Sahih Muslim. Maana yake ni kuwa mwanzoni watu hawakuwa wakiuliza habari ya sanad, lakini fitna ilipotokea wakaanza kusema: tutajieni wapokezi wenu. Hawakuwachukia wapokezi. Walitaka kuilinda dini na uwongo.

Barua pepe nayo ilipita njia hiyo hiyo. Baada ya fitna wahandisi wakaanza kudai sanad, nayo ikaja kwa hatua tatu.

Ya kwanza ni SPF, iliyopendekezwa na Meng Weng Wong mwaka 2003 na kuandikwa rasmi mwaka 2006. Mwenye domeni anatangaza hadharani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake. Ni kama kusema: mjumbe wangu ni fulani na fulani, mwingine msimpokee.

Ya pili ni DKIM, iliyozaliwa kwa kuunganisha kazi za Yahoo na Cisco, na kuandikwa rasmi mwaka 2007. Hii ndiyo pete. Seva inaipiga barua muhuri kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wa kuukagulia muhuri unawekwa hadharani kwenye domeni. Maneno yaliyopigwa muhuri yakibadilishwa njiani, muhuri unavunjika. Na kama pete ile, asiyekuwa na ufunguo hawezi kuuchora.

Ya tatu ni DMARC, iliyotangazwa mwaka 2012. Inadai kwamba jina analoliona msomaji lilingane na jina lililothibitishwa na SPF au DKIM, na inamruhusu mwenye domeni kusema barua isiyothibitika ifanywe nini: iachwe, iwekwe kando, au ikataliwe kabisa. Tunaweza kufananisha na daraja za hadithi. Kuna iliyo sahihi, kuna dhaifu inayowekwa kando, na kuna ya kubuni inayotupwa.

Aprili 2014 Yahoo ilitangaza kuwa barua yoyote yenye jina la yahoo.com isiyothibitika ikataliwe. Siku zile orodha nyingi za barua na fomu nyingi za tovuti zilivurugika. Kisha kuanzia Februari 2024 Gmail na Yahoo zikaanza kumtaka kila mtumaji awe na uthibitisho. Kwa Gmail, anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku ni lazima awe na zote tatu, aweke njia ya kujitoa kwa kubonyeza mara moja, na malalamiko ya wasomaji yasifike asilimia 0.3. Mwezi Mei 2025 huduma ya Outlook ya Microsoft nayo ikaweka masharti ya uthibitisho kwa watumaji wakubwa.

KOSA LANGU LILIKUWA WAPI

Sasa tunaweza kuirudia ile fomu. Mimi niliipanga ili mzazi akijaza, ofisi ipate barua inayoonekana imetoka kwa mzazi mwenyewe, kwa kuandika anwani yake mahali pa mtumaji. Niliona ni adabu nzuri, ili Ustadh akibonyeza "jibu" amjibu mzazi moja kwa moja.

Lakini seva yetu haikuwa na ruhusa ya kutumia anwani ile. Nilikuwa kama mtu anayeandika barua kwa jina la mwingine bila pete yake. Wazazi wale wanne wote walikuwa na anwani za huduma yenye sharti kali, hivyo seva ya ofisi ilizikataa fomu zao. Wazazi wengine walipita. Na maneno "Ahsante, imepokelewa" yalimaanisha tu kuwa tovuti imeikabidhi barua kwa seva yake. Hayakumaanisha kuwa imefika.

La kusikitisha zaidi, taarifa za kukataliwa zilirudi. Zilikuwa nne, kwenye sanduku la barua la seva ambalo hakuna aliyewahi kulifungua.

NAMNA YA KUTAFUTA NA KUREKEBISHA

Kwa ndugu wanaosimamia tovuti za misikiti, shule na jumuiya, huu ndio utaratibu nilioufuata.

1. Ulizeni kwanza: barua imeondoka? Angalieni kumbukumbu za seva na barua zilizorudishwa. Namba inayoanza na 5, kama 550, maana yake imekataliwa moja kwa moja. Inayoanza na 4, kama 451, maana yake ni "rudi baadaye". Seva nzuri hurudi yenyewe, lakini programu nyingine za fomu hazirudi.

2. Kama imefika lakini imeingia kwenye taka, ifungueni na mtazame maandishi yake ya asili. Tafuteni mstari wa Authentication-Results, mtaona kama SPF, DKIM na DMARC zimepita au zimeanguka. Mstari huu unaokoa siku nzima ya kubahatisha.

3. Mahali pa mtumaji wekeni daima anwani ya domeni yenu wenyewe. Anwani ya aliyejaza fomu iwekeni mahali pa Reply-To, na jibu litamfikia vile vile. Hili ndilo lililotibu ugonjwa wangu.

4. Hakikisheni rekodi ya SPF ni moja tu na inataja kila seva inayotuma kwa jina lenu. Rekodi mbili za SPF hubatilishana. Kisha washeni DKIM, na muilinde funguo ya siri kama amana.

5. Anzeni DMARC kwa daraja la kuangalia tu, p=none. Someni ripoti zake kwa wiki kadhaa, ndipo mpande hadi kuweka kando, na baadaye kukataa. Anayeanza na kukataa anaweza kujifungia mwenyewe nje.

6. Angalieni kama anwani ya seva imo katika orodha za Spamhaus. Kama kosa ni la jirani, hamieni kwenye huduma ya kutuma barua ambayo tovuti inaingia kwa jina na neno la siri.

7. Msiandike kichwa cha habari chote kwa herufi kubwa, na msitume picha tupu bila maandishi. Wala msimwandikie mtu asiyeomba. Kuchukua anwani za watu kwenye harusi au kikao kingine kisha kuwamiminia matangazo ni kuingia nyumba bila kubisha hodi, hata kama tangazo ni la kheri. Wao wakibonyeza "taka", mtazuiliwa na kwa wengine.

8. Jambo lenye tarehe ya mwisho lisitegemee njia moja. Wekeni orodha ya fomu ndani ya tovuti yenyewe pia, na mtu wa kuilinganisha na barua zilizofika, na simu ya kuuliza.

KWA WAZAZI

Nanyi wazazi, mkisubiri barua ya shule au madrasa, tazameni folda ya taka. Mkiikuta humo, bonyezeni "si taka" na muihifadhi anwani yake, kwani kichujio kinajifunza kutokana nanyi.

Wafundisheni watoto pia kuwa muhuri sahihi hauthibitishi wema wa mtu. SPF na DKIM zinatuambia barua imetoka domeni gani, basi. Tapeli anaweza kununua domeni yake na kuipigia muhuri sahihi kabisa. Wanazuoni wa hadithi hawakutosheka na sanad kuungana. Waliuliza pia juu ya uadilifu wa kila mpokezi. Basi barua ikikuomba pesa au neno la siri, hata kama imepita vichujio vyote, mpigie simu unayemjua.

Suratul Hujurat inatuamrisha, katika aya ya 6, kuichunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta, na katika aya ya 12 inatukataza kuwa na dhana nyingi mbaya. Siku ile mlangoni pa madrasa tulihitaji aya zote mbili. Aliyesema "sikupata" hakudanganya, wala aliyesema "nilituma" hakudanganya.

Nilikwenda kwa Ustadh na barua nne nilizozichapa, kisha nikazizungukia nyumba nne kuomba radhi. Ustadh akaongeza mkeka mmoja nyuma ya darasa. Familia tatu zilirudi. Ya nne haikurudi. Baba alinipokea vizuri na akanisamehe, ila mtoto alishakataa, kwa kuwa alikwisha sikia mama yake akiitwa mwongo mbele ya wenzake. Hilo hakuna rekodi ya kulirekebisha, isipokuwa dua na subira.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie ukweli katika tunayoyaandika, uangalifu katika tunayoyapokea, na dhana njema baina yetu. Amin.

Wabillahi Tawfiq. Wassalaam Alaykum Warahmatullahi Wabarakatuh.